Mgongo wa Kuazima

Prefe hakuingia mahali popote kwa kifua. Aliingia kwa bega la kulia kwanza, kama mtu anayepenya umati wa soko la Nyawera, hata pale chumba kilipokuwa kitupu. Bega la kushoto lilifuata baadaye, chini kidogo, kama mke aliyeudhiwa njiani. Huku kwetu mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe, na huyu alihakikisha kwamba jina lolote jingine alilokuwa nalo limesahauliwa. Mke wake tulimwita Maman Prefe. Mbwa wao alikuwa mbwa wa Prefe, na mbwa ndiye tuliyemwonea huruma.

Nilimjua kwa miaka mingi na kwa pande mbili, jambo ambalo simtakii mtu mwingine. Asubuhi alikuwa mkuu wa shule yangu. Jioni alikuwa jirani yetu pale Nyalukemba, na kati ya nyumba yao na yetu palikuwa na ua mfupi wa miti ambao ulipitisha kila neno. Kwa hiyo niliadhibiwa naye kuanzia asubuhi, kisha jioni nikamsikia akimwadhibu mbwa kwa sauti ile ile na kwa maneno yale yale.

Neno lake lilikuwa moja: wima. Kila asubuhi, bendera ilipokuwa ikipanda na sisi tukiimba sifa za Chama pekee cha nchi na za Mwongozi, rais wetu, alipita nyuma ya mistari yetu na rula ya mbao. Hakupiga. Aliipitisha rula ile uti wa mgongo mzima, toka shingoni hadi kiunoni, taratibu, na pale ilipokutana na kona alisimama.

"Unainama nini? Kuko kitu ulipoteza chini?"

"Hapana, Prefe."

"Basi angalia mbele. Mutu akiinama, ni sababu mawazo yake ilishainama zamani."

Alilisema hilo akiwa amesimama mbele yetu kama mti uliokulia ukingoni mwa korongo. Shule nzima iliona. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwenda upande, kisha ukajutia, ukapinda kurudi, kama njia ya miguu inayopanda mlima wa Kadutu. Na juu ya njia hiyo aliweka kichwa kikavu cha mtu anayedai dunia nzima inyooke. Sisi wanafunzi tulicheka kimoyomoyo. Kucheka kwa sauti kulihitaji ujasiri ambao hakuna aliyetufundisha.

Lazima niseme pia jambo ambalo haliendani na hayo, na ambalo limeniharibia chuki yangu mara nyingi. Darasani kwetu alikuwepo msichana mwenye mguu uliokauka kwa polio. Prefe aliamuru awekewe kiti wakati wa bendera, na yeyote aliyegeuka kumtazama alibaki shuleni kufyeka majani hadi jioni. Ilionekana kama wema. Lakini katika miaka yote ile hakumsalimia hata mara moja. Akikutana naye kwenye korido aliangalia dirishani. Alimlinda jinsi mtu anavyoigeuza picha yake mwenyewe ielekee ukutani.

Kinga yake kubwa ilikuwa abakosti. Vijana wa leo mnaifahamu kwa picha tu: koti lile la kufungwa vifungo hadi juu, bila tai, ambalo serikali ilimtaka kila mwanaume mwenye cheo alivae. Wengine walilivaa kwa woga, wengine kwa kujipendekeza. Prefe alilivaa kwa mapenzi ya dhati, kwa sababu fundi wake wa Kadutu, mzee mwenye jicho moja kubwa kuliko jingine, alijua kulitia uongo. Alijaza pamba kwenye bega la kushoto hadi likalingana na la kulia. Alirefusha pindo upande mmoja, akapunguza upande wa pili, akaweka mfuko mkubwa mahali ambapo mbavu zilitokeza. Kazi hiyo aliifanya nyuma ya pazia. Kitambaa kilipokuwa kipya, na Prefe akiwa amesimama bila kupumua, ungeweza kudanganyika kwa muda wa kusema jambo. Kisha alipumua.

Na kupumua ndiko kulikomshinda. Mwaka wangu wa mwisho pale shuleni tulianza kumsikia kabla ya kumwona. Alipopanda ngazi za ofisi yake alisimama katikati na kujifanya anakagua rangi ya ukuta. Mguu mmoja ulianza kufa ganzi. Sigara hakuacha. Hatimaye, mimi nikiwa nimeshaanza masomo ya juu na kuandika hadithi zangu za kwanza, zilizonipatia kwake jina la Mademoiselle Roman, binti wa riwaya, daktari mmoja wa hapa alimpiga picha, akaiweka kwenye mwanga, akamwambia kwamba uti wake unaendelea kupinda na pafu moja linabanwa kidogo kidogo. Kulikuwa na profesa mgeni kwenye kliniki moja ya Kinshasa aliyefunga vyuma kwenye migongo ya watu wazima. Aende mapema, la sivyo kiti cha magurudumu kitamsubiri, na baada ya kiti, hata pumzi ya kutoa amri itakwisha.

Haya yote tuliyapata kupitia ua wa miti. Yeye mwenyewe alitangaza shuleni kwamba anakwenda Kinshasa kwa misheni ya kazi.

Sijaona mtu aliyejiandaa kupasuliwa kwa kiburi kama kile. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kuacha sigara, kabla ya kutafuta watu wa kumtolea damu, lilikuwa kuja kwetu Jumamosi mchana na kuketi ubavu kwenye kiti cha baba. Baba yangu alikuwa karani wa ofisi ya mkoa, mrefu, mkimya, mnyoofu kama nguzo ya simu.

"Citoyen," Prefe akasema, maana siku hizo tulilazimika kuitana raia, "niazime mugongo yako."

Baba alidhani kuna mzigo. "Ya kubeba nini?"

"Ya kupima tu. Kifua yetu iko sawa. Na urefu, profesa atanyoosha, nitakufikia. Siku nitatoka kule, nataka nivae abakosti ya mutu mwenye kusimama."

Mama alikimbilia jikoni, na nilijua amekwenda kucheka. Baba hakucheka. Alivaa viatu, na mimi nikawafuata kwa udadisi, tukapanda hadi kwa fundi wa Kadutu, Prefe akisimama njiani kukagua kila ukuta.

Fundi alimweka baba katikati ya chumba, mikono imenyooshwa kama msalaba, akazungusha utepe kifuani pake, akasita.

"Prefe, samahani. Hii nguo ninashonea nani?"

"Mimi."

"Na huyu mwenye ninapima?"

"Huyu ni mimi wa mwezi wenye kuja."

Fundi aliweka pini mdomoni ili apate sababu ya kufunga mdomo. Alipima mabega yote mawili, akayakuta sawa, akayapima tena kwa mshangao, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea mwili mwingine. Mwishoni alimsogelea Prefe na kunong'ona, "Na pamba?"

"Pamba ilikwisha!" Prefe akajibu kwa sauti ya kwenye bendera, hadi wapita njia wakachungulia. "Hakuna pamba tena, muzee. Utaitafutia kazi ingine."

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba chuma kitauzuia uti usiendelee kupinda, na kwamba mtu mzima hanyooshwi kama waya. Alisikia sehemu ya kwanza. Watu wa aina yake husikia hivyo.

Baada ya abakosti ndipo maandalizi ya kweli yalipoanza, na humo ndimo nilimwona akipungua. Sigara aliziacha, lakini siyo kimya: aliwakataza walimu wote kuvuta, kana kwamba mapafu yaliyobanwa yalikuwa yao. Aliambiwa apulize hewa kwa mrija ndani ya chupa ya maji, asubuhi na jioni, mapafu yapate nguvu ya kustahimili dawa ya usingizi. Alifanya hivyo kwenye baraza akiwa amefunga vifungo vyote, na tulisikia viputo vyake tukiwa mezani kwetu, gloglo, gloglo, kama mtu anayegombana na birika. Damu ilikuwa kazi ngumu zaidi. Alipowaita wadogo zake kutoka kijijini hakuwaomba, aliwaitisha, na walikuja wakasimama uani kama wanafunzi waliochelewa.

Maman Prefe ndiye aliyegeuza nyumba. Mwanamke mfupi, mpole kwa sura tu. Alijua kwamba mumewe akirudi hataruhusiwa kuinama, kwa hiyo alipandisha kila kitu: viatu vikahamia kwenye rafu, sabuni ikapanda, kitanda kikawekwa matofali chini ya miguu, sufuria ya maji ya kuoga ikawekwa juu ya kigoda kirefu. Prefe alizunguka akilalamika.

"Sasa hii ni nyumba ama ni depo?"

"Ni nyumba ya mutu mwenye hatainama. Si njo ulipendaka, wima?" Njo, huku kwetu, ni ndiyo.

Kisha wakaja wageni. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi yetu ya kumuaga mgonjwa kana kwamba kaburi limeshachimbwa, lakini akina mama wa kikundi cha sala waliitimiza bila kupunguza chochote. Waliingia Jumapili baada ya misa, wakakalia kila kinachokalika, wakaimba nyimbo zile zinazoimbwa jeneza likitoka. Mmoja alianza kulia kabla ya chai. Prefe aliwapokea akiwa ameketi ubavu, abakosti ya zamani imejaa pamba, uso kama kizingiti.

"Tulikuya kukutia nguvu, Papa Prefe. Ile kupasuliwa…"

"Kupasuliwa gani? Mimi niko naenda misheni ya kazi."

"Eh, Prefe," akasema mwanamke mnene aliyekuwa karibu na mlango, huku akichukua andazi, "na hiyo misheni njo ile banakatiaka bantu mugongo?"

Waliokuwa karibu naye walikohoa. Maman Prefe alisimama kuongeza sukari ambayo hakuna aliyeiomba. Nilidhani Prefe atawafukuza wote, na ningefurahi. Badala yake aliitazama mikono yake. Alipoona kwamba nami naitazama, aliikalia.

Hofu ile haikunipa huruma wakati huo. Niliona ni haki. Lakini nilikosea kuhusu kitu alichokiogopa. Nilifikiri ni kisu.

Siku chache kabla ya safari daktari alimtuma muuguzi, mwanamke mwenye miwani na mikono myekundu ya sabuni, aje kuwafundisha nyumbani. Maman Prefe aliniita niwasaidie kuburuta godoro hadi sebuleni. Muuguzi alieleza: mtu aliyefungwa vyuma mgongoni hainuki kama sisi. Hugeuzwa mzima mzima, mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo, na anayemgeuza lazima ajue pa kushika. Halafu akauliza swali ambalo huulizwa kila hospitali ya nchi hii.

"Garde-malade ni nani?"

Garde-malade ni yule mtu wa kwako anayelala sakafuni kando ya kitanda chako, anayekupikia, anayekuosha, anayekuona. Bila yeye hapa kwetu mtu halazwi.

"Nitatafuta mutu kule kule Kinshasa," Prefe akasema.

"Mutu mwenye hakujue?"

"Njo muzuri. Mwenye hanijue."

Nilimtazama Maman Prefe. Alikuwa ameketi kwenye mkono wa kiti, kanga mapajani. Aliongea bila kupandisha sauti.

"Tangu unioe, unaogaka na mulango imefungwa. Lampe unazimaka mbele ya kuvua shati. Watoto balizaliwa, balikomaa, baliolewa, na mimi sijaona mugongo ya bwana yangu. Sikuuliza. Sasa unataka mutu wa Kinshasa njo aone wa kwanza?"

"Kuko mambo mwanamuke hawezi…"

"Shati zako ni nani anafulaka?" Hapo sauti ilipanda. "Kola inakwishaka upande mumoja. Kifungo inakatikaka pale pale. Jasho inachoraka kona yote, Prefe, kama karte ya jeografia. Unafikiri shati hazisemake?"

Muuguzi alivua miwani akaanza kuifuta. Prefe akajilaza kwenye godoro na nguo zake zote, hadi viatu.

"Avue," muuguzi akasema. "Mama aone pa kushika."

"Huyu mutoto atoke kwanza."

Nilitoka. Nilisimama kwenye baraza kando ya chupa yake ya viputo, na ziwa, chini ya mtaa wetu, lilikuwa bluu na halikujali. Nilisikia kitambaa kikivuliwa. Halafu nikasikia Maman Prefe anacheka, kicheko cha kweli cha tumboni, cha mwanamke aliyefungua sanduku alilokatazwa tangu ujana wake na kukuta blanketi.

"Njo hii tu?" akasema. "Weye muzee! Njo hii tu ulikuwa unanifichaka?"

Baada ya muda nilisikia muuguzi akihesabu, moja, mbili, na mwili mzito ukigeuka juu ya godoro.

Walisafiri wote wawili. Tuliambiwa kwamba kazi ilichukua siku nzima, kwamba alitapika, kwamba aliwatukana wauguzi kwa Kifaransa safi, na kwa dalili hiyo tukajua atapona. Alipokuwa bado amelala Kinshasa ndani ya plasta iliyomshika toka kwapani hadi nyongani, redio ilitangaza mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia: Chama hakikuwa tena peke yake, na tai imeruhusiwa. Ndani ya wiki moja Nyawera yote ilikuwa na tai. Makarani walizitoa kwenye masanduku zikiwa na alama za mende. Wengine walizifunga juu ya fulana. Baba alifunga yake mbele ya kioo na kuangua kicheko.

"Masikini Prefe. Mugongo nilimwazima bule."

Abakosti ilikuwa tayari kwa fundi wa Kadutu, imepigwa pasi, imenyooka kama baba. Hakuna mwenye akili angeivaa tena, ila wale ambao vijana waliwazomea barabarani.

Walirudi. Kwa miezi mingi hakutoka nje, na shule ilipata prefe mwingine, kijana mwenye tai ambaye hakujali nani anainama. Kukawa kimya upande wa pili wa ua. Mbwa alinenepa.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa kweli ilikuwa msimu wa kiangazi, mchana, nilipotumwa na mama kupeleka ndizi. Nilipita kwenye pengo la ua na kumkuta uani, amenipa mgongo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kigumu, na chini ya makalio yake, imekunjwa mara nne kuwa mto, ilikuwa abakosti mpya. Plasta ilikuwa imetolewa. Shati lilikuwa kwenye kamba, linadondosha maji. Maman Prefe alikuwa nyuma yake, mikono imejaa mafuta ya mawese, anamsugua katikati ya mchana, na hapakuwa na pazia wala mlango.

"Nani iko nyuma?" Hakuweza kugeuza shingo.

"Ni mimi, Prefe. Wa jirani."

Nilingoja aitishe shati. Niligeuza hata macho yangu, nimpe nafasi.

"Ah, Mademoiselle Roman. Sogea. Uone, halafu uende kuandika bongo zako, uongo wako ule." Kisha kwa mkewe: "Unasugua kama unafuta tableau ya darasa! Chini kidogo."

"Tulia, weye."

Nikasogea. Kovu lilishuka toka chini ya shingo hadi kiunoni, jeusi, linang'aa kwa mafuta, na pembeni mwake alama za nyuzi zilikaa kama miguu ya jongoo. Nilikuwa nimebeba dharau yangu kwa miaka yote ile kama mtu anayebeba jiwe akingoja dirisha. Dirisha lilikuwa hapo, wazi, limepakwa mafuta.

"Sema," akasema, na sauti ilikuwa tofauti, ya chini. "Yeye anasema imenyooka. Lakini yeye ni bibi yangu, atasema nini? Mimi siwezi kuiona. Sijaionaka hata siku moja. Weye sema. Imenyooka?"

Maman Prefe alinitazama juu ya kichwa chake. Hakunikonyeza, hakuniomba kitu.

"Hapana," nikasema. "Imepunguza kupinda. Lakini bado iko na kona. Hapa, na hapa."

Nilimgusa mahali pale kwa kidole, pale ambapo rula yake ingesimama.

Alipumua ndani, mbali, hadi chini kabisa, pumzi ambayo hapo zamani asingeweza kuivuta bila ukuta wa kukagua, akaitoa polepole.

"Na weye," akasema hatimaye, "sikuoni, lakini kwa sauti najua unainama."

Nilikuwa nainama. Niliinuka.

Maman Prefe alicheka, akajipangusa jasho kwa kiwiko, akatazama juu. Jua lilikuwa limehama, na kivuli cha paa kilikuwa kimeanza kulifunika bega la kushoto, lile la pamba.

"Geuka kidogo, Prefe. Jua ifike na huku."

Alilalamika kwamba anachomwa, kwamba kigoda kinamkata, kwamba wanawake wawili hawawezi kumwendesha ndani ya ua wake mwenyewe. Kisha, mabega na nyonga kwa pamoja, mzima mzima, kama gogo, akageuka.